Cha Kununua kwa Anayeandika Kwenye Mvua

Aprili, Tukuyu haikauki. Masika yakishakolea katika milima ya Rungwe, mvua hunyesha asubuhi, hupumzika kidogo, kisha hurudi mchana, na kazi ya chai haisubiri jua, maana ndiyo miezi ambayo majani huchipua kwa wingi. Pembeni mwa shamba mizani imening'inizwa, wavunaji wamejipanga na vikapu mgongoni, na karani anasoma mshale na kuandika namba ya mvunaji na kilo zake. Mvunaji hulipwa kwa kilo. Karatasi ikilowa hata 19 ikasomeka 14, kilo hizo tano zimetoka mfukoni mwa mama aliyeamka alfajiri, na hana namna ya kuzidai, kwa sababu majani yake yamekwisha kuchanganywa na ya wenzake ndani ya lori.

Makala hii nimeiandika nikimfikiria karani huyo, pamoja na wengine wanaoandika wakiwa hawana paa: bwana diko wa Unguja anayeorodhesha samaki ngalawa zikifika, afisa ugani, mpima ardhi, msimamizi wa ujenzi, mtafiti wa ndege au wa mimea katika msitu wa Amani. Wote wanauziwa vitu vingi, na wengi hutoa pesa mahali pasipostahili. Mtu hununua kalamu ya bei, kisha anaitumia kwenye daftari la mwanafunzi alilolishika mkononi bila kifuniko. Mimi nasema kinyume chake: kwenye kalamu toa pesa kidogo kabisa, na kinachobaki kiingize kwenye kuilinda karatasi.

Bei za hapa nyumbani nitakazozitaja ni za kukisia, za maduka ya vifaa vya shule na ofisi mijini. Za ng'ambo ni za dola, na dola moja nimeihesabu kwa shilingi 2,500 za Tanzania ili hesabu iwe nyepesi. Duka na duka zitapishana, lakini pengo kati ya kitu na kitu halibadiliki sana.

Tuanze na kalamu za jeli, zile zinazoteleza vizuri na kupendwa na wanafunzi. Wino wake umetengenezwa kwa maji. Andika nayo mstari mmoja, uache ukauke, kisha dondoshea tone moja la maji. Katika nyingi za bei nafuu utaona ukingo wa herufi ukianza kutoa kivuli cha buluu au zambarau, kivuli kinatanuka, na ukipitisha kidole gumba, neno limekwenda. Zipo za jeli ambazo rangi yake ni chembe zisizoyeyuka, nazo zikishakauka huvumilia maji, lakini dukani huwezi kuzitambua kwa macho. Kwa hiyo jaribio la tone lifanyie nyumbani kabla ya kuibeba kalamu yoyote kwenda nayo kazini. Halikugharimu kitu.

Biro ya kawaida ya shilingi 500 ni afadhali kuliko ya jeli. Wino wake ni wa mafuta, na ukishakauka maji hayauyeyushi kwa urahisi. Daftari lililoandikwa kwa biro likatumbukia mtoni linaweza kusomeka likikaushwa vizuri. Tatizo la biro ni kule kuandika kwenyewe. Karatasi ikiwa na unyevu, kigololi kinateleza juu ya maji bila kuzunguka, ncha inachubua karatasi, na nyuzi za karatasi hujikusanya nchani hadi wino usitoke kabisa. Karani anaishia kukandamiza kwa nguvu, karatasi inachanika, na foleni inamngoja. Biro ni kalamu ya jioni, ukiwa ndani na meza kavu.

Ipo kalamu inayoishinda shida hiyo. Mmarekani Paul Fisher aliiombea hataza mwaka 1965, na wanaanga wa Apollo 7 walikwenda nayo angani mwaka 1968. Wino wake ni mzito, umefungwa ndani ya mrija pamoja na gesi ya naitrojeni inayousukuma, hivyo inaandika ikiwa imegeuzwa juu chini, kwenye baridi, hata kwenye karatasi iliyolowa. Ni kifaa kizuri kweli. Kwao Marekani huuzwa kwa kati ya dola 25 na 40, na mrija wa kubadilishia ni kama dola 7 au 8. Ukichukua hiyo ya dola 25, ni shilingi 62,500, pesa ya kununulia penseli zaidi ya mia mbili. Tena kalamu ya kazini huazimwa: fundi anaitaka atie sahihi, dereva anaitaka aandike namba ya gari, na mwisho wa mwezi haijulikani iko kwa nani. Ninaweza kuipendekeza kwa mtu mmoja tu, yule ambaye kazi yake inamlazimu aandike kwa wino papo hapo mvuani, kama wanaojaza fomu za kisheria. Wengine wote watumie penseli.

Moyo wa penseli ni mchanganyiko wa kinywe na udongo wa mfinyanzi. Ni kinywe kilekile kilichomo katika milima ya Mahenge, mkoani Morogoro, ambacho siku hizi kinatafutwa kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Kinywe ni kaboni. Maji hayakiyeyushi, jua halikifubazi, na hakina haja ya kukauka kwa sababu tangu mwanzo si kimiminika. Alama ya penseli ni chembe kavu zilizonasa kwenye nyuzi za karatasi, na karatasi ikibaki, nazo zinabaki.

Anayedhani wino ndio wa kudumu na penseli ni ya muda na asikie yaliyompata David Livingstone. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe kando ya mto Lualaba katika Kongo ya leo, karatasi na wino vilikuwa vimemwishia. Akaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu la The Standard, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino uliotengenezwa kwa mmea wa hukohuko. Ndimo alimoandika habari za mauaji ya watu katika soko la Nyangwe, 15 Julai mwaka huo. Wino ule ulififia hata kurasa nyingi zikawa hazisomeki kwa macho. Ilibidi wataalamu wazipige picha kwa mianga ya rangi mbalimbali na kuzichambua kwa kompyuta, na maandishi yakatolewa hadharani mwaka 2011, miaka 140 baadaye. Penseli isingewapa kazi hiyo.

Sasa penseli ipi? HB ya shilingi 200 au 300 inatosha kazi nyingi. Karatasi yako ikiwa hulowa mara kwa mara, chukua 2B, ambayo ni laini zaidi na huacha alama nyeusi bila kukandamizwa. Epuka zenye herufi H na namba mbele, kama 2H. Ni ngumu, na kwenye karatasi yenye unyevu huchimba mfereji badala ya kuandika. Zile za kubonyeza zenye moyo mwembamba wa nusu milimita zinafanya kosa hilohilo, tena hukatika. Ukizipenda za kubonyeza, tafuta ya milimita 0.9 au zaidi. Penseli ya mti ya bei ya chini kabisa nayo ina udhaifu wake: ni vipande viwili vya mti vilivyogundishwa, na vikishinda majini vinaachana. Kwa hiyo beba mbili au tatu, zikiwa zimechongwa kabisa, moja ikiwa imefungiwa kamba kwenye ubao wako. Kichongeo acha nyumbani. Mti uliolowa hukiziba na wembe wake hushika kutu. Kisu kidogo kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Lipo lawama moja dhidi ya penseli ambalo ni la haki. Penseli hufutika. Mhasibu hataipokea orodha ya malipo ya penseli, na mvunaji ana sababu ya kuiogopa, kwa sababu kifutio kinaweza kufanya kile ambacho mvua haikufanya. Dawa yake ni kuwa na maandishi mawili. Shambani andika kwa penseli, mchana huohuo au jioni nakili kwa biro kwenye daftari kubwa lisilotoka ofisini, na karatasi ya shambani isitupwe, ifungwe pamoja na daftari ili atakayebisha alinganishe. Mahali penye simu, ukurasa wa shambani upigwe picha mbele ya wavunaji wenyewe kabla karani hajaondoka. Gharama ya utaratibu huu ni nusu saa ya karani kwa siku na daftari moja la ziada.

Tukija kwenye karatasi, hapo ndipo pesa inapotumika kwa busara au kwa hasara. Karatasi ni nyuzi za mmea zilizoshikana. Maji yakiingia katikati yake, mshikano unalegea, na karatasi ya kawaida hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Daftari la mwanafunzi ndilo dhaifu kuliko yote: karatasi yake nyembamba, jalada lake laini, na limeshikwa kwa pini mbili za chuma ambazo hupata kutu kwa haraka, zikaacha madoa ya kahawia katikati ya kurasa. Kaunta buku ina jalada gumu na imeshonwa kwa uzi. Ya kwaya mbili ina kurasa 192 na bei yake ni kama shilingi 3,000, yaani ukurasa mmoja ni kama shilingi 16. Adui yake ni maji yanayoingia kwa juu, kupitia mgongo, ambako gundi hulegea na jalada likavimba. Sugua mshumaa kwenye jalada lote na kwenye mgongo, kisha sugua tena kwa kitambaa mpaka papate joto kidogo ili nta iingie. Usiguse kurasa za ndani, kwa kuwa penseli haishiki kwenye nta.

Daftari la mvua la ng'ambo linalojulikana zaidi ni Rite in the Rain, la Tacoma katika jimbo la Washington, Marekani. Lilianza mwaka 1916 kwa ajili ya wakata magogo wa misitu ya kule, ambako mvua ni nyingi. Karatasi yake ni ya mti kama nyingine, ila imetiwa kinga inayofanya maji yasimame juu kama matone badala ya kupenya. Unaikung'uta, unaendelea kuandika. Penseli inaandika juu yake hata ikiwa imetota. Daftari dogo la waya, la kurasa 100, huuzwa kule kwa dola 5 hadi 9 kulingana na ukubwa. Ukurasa ni kati ya shilingi 125 na 225, kabla ya usafirishaji na ushuru, ambavyo kwa mtu anayeagiza moja tu vinaweza kuzidi bei ya daftari lenyewe.

Wanaouziwa karatasi hii hawaambiwi mambo mawili. Kalamu ya jeli haifai juu yake, wino wake hukataliwa na kuteleza. Na zile karatasi zake kubwa za kuchapia fomu zinataka printa ya leza. Ukizitia kwenye printa ya wino wa maji, fomu zako zitafutika kwa kiganja.

Mpinzani wake ni karatasi ya mawe, ambayo siku hizi inapatikana katika maduka ya mtandaoni. Ni unga wa mawe ya chokaa, kiasi cha sehemu nne katika tano, uliochanganywa na plastiki. Haina nyuzi za mti, hivyo haina cha kunyonya maji, na penseli huonekana juu yake vizuri sana. Lakini ni nzito mkononi, hulainika na kujikunja ikiachwa kwenye gari lililofungwa juani, na ikivutwa hunyumbuka kabla ya kuchanika, hata mistari ikapinda. Pia wauzaji hupenda kuisifu kuwa rafiki wa mazingira. Ina plastiki, na haiozi kama karatasi. Kwa kazi ya mvua tu inafaa. Kwa kazi ya mvua na jua kali siku hiyohiyo, kama ilivyo kwetu, ningechagua ile ya Tacoma.

Kabla ya kuagiza chochote, jaribu kwanza njia ya kuifunika karatasi ya kawaida. Ubao wa kubania karatasi ni kama shilingi 4,000, na bahasha ya plastiki yenye kifungo, ile ya kutilia vyeti, ni kama 1,500. Usiende shambani na daftari zima. Nenda na karatasi ya siku hiyo tu, iliyokwisha kupigwa mistari, ikiwa imebanwa kwenye ubao. Karatasi ya siku moja ikipotea umepoteza siku moja. Kaunta buku likianguka kwenye mfereji umepoteza msimu. Mvua ikizidi, tumbukiza ubao wote ndani ya mfuko mkubwa wa nailoni angavu, kama ule mzito wa kufungia mashuka mapya, kisha ingiza mkono na penseli humohumo uandike ukiangalia kwa nje. Mikono itatoa jasho na mfuko utaweka ukungu kwa ndani, kwa hiyo weka kitambaa kikavu cha kufutia. Mfuko wa namna hiyo utunze. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, na kifungashio ulicho nacho nyumbani kikitumika mara nyingi ni bora kuliko kutafuta kingine.

Kwa bwana diko, na kwa yeyote ambaye maji yanamfika kiunoni, karatasi ya aina yoyote ni usumbufu. Watafiti wa matumbawe wanaozamia Mafia na Unguja huandika chini ya maji kwa penseli ya kawaida juu ya kibao cheupe cha plastiki, na kibao hicho unaweza kukitengeneza mwenyewe. Mwombe fundi bomba kipande cha bomba la PVC jeupe au la kijivu chepesi, la nchi nne, urefu wa shubiri moja. Mara nyingi vipande hivyo hutupwa. Kipasue kwa msumeno kwa urefu ili kikae juu ya mkono kama bangili pana, lainisha kingo, kisha sugua uso wake kwa msasa laini, kwa mizunguko midogo, mpaka mng'ao wote uondoke na plastiki ionekane kama imepakwa unga. Mng'ao ukibaki, penseli itateleza. Ukiondoka, itashika kama kwenye karatasi, na bahari nzima haitaifuta. Toboa matundu mawili, pitisha mpira, vaa. Jioni nakili kwenye daftari, kisha osha kwa sabuni ya unga na mchanga laini, au pitisha msasa tena kidogo. Gharama ni msasa wa shilingi 1,000 na asante kwa fundi. Kwa samaki, pweza na mwani sijaona kitu cha kukishinda kibao hiki kwa bei yoyote.

Wengi wataniuliza kuhusu simu na vishikwambi. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilifanywa kwa vishikwambi na ikafanikiwa, lakini ilianza tarehe 23 Agosti, wakati sehemu kubwa ya nchi iko kiangazi. Kioo cha simu hutambua kidole kwa kuwa mwili hupitisha umeme, na tone la maji nalo hupitisha umeme. Mvua ikinyesha juu yake, kioo kinaona vidole ishirini: kinafungua kisichoguswa, kinakataa kinachoguswa, na namba inaingia mara mbili bila mwandishi kujua. Alama ya IP68 kwenye boksi maana yake ni kwamba maji matamu hayataingia ndani kwa muda na kina fulani. Haina maana kwamba utaweza kuandika, na haiahidi lolote kuhusu maji ya chumvi. Mfuko wa simu wa kuvaa shingoni, wa shilingi 5,000 hadi 15,000, huilinda simu lakini hauondoi shida ya matone. Kama ofisi yako inataka takwimu za kielektroniki, na mtu akaingize jioni kutoka kwenye karatasi yake. Programu za bure kama KoBoToolbox na ODK hufanya kazi bila mtandao na zitamngoja. Simu ibakizie kazi moja mvuani, ambayo ni ile picha ya ukurasa.

Daftari likilowa licha ya yote, usilianike juani wala kando ya moto, kwani kurasa zitajikunja na kugandana. Lisimamishe wima, kurasa zikiwa zimeachana, mahali penye upepo. Chomeka gazeti kila baada ya kurasa chache na ulibadilishe likilowa. Kurasa zilizoshikana usizibandue zikiwa mbichi. Ukungu huweza kuanza kuota ndani ya siku mbili tu, kwa hiyo ukiona huna nafasi ya kulikausha leo, lifunge kwenye mfuko na ulitie kwenye friza hadi utakapoipata. Ndivyo maktaba kubwa zifanyavyo zinapopatwa na mafuriko.

Sasa hesabu. Chukua karani mwenye wavunaji sitini na siku 75 za kazi katika masika. Kwa njia ya nyumbani atahitaji karatasi za kaunta buku moja shambani, kaunta buku la pili la ofisini, penseli sita, biro moja, ubao, bahasha ya vyeti na mshumaa. Kwa bei nilizotaja, ukiongeza ya mshumaa, jumla ni kama shilingi 14,500, na ubao na bahasha vitamfaa msimu ujao. Kwa daftari la mvua la ng'ambo, dogo lenye mistari kama ishirini kwa ukurasa, atatumia kurasa tatu kwa siku, yaani kurasa 225, madaftari matatu. Kwa dola 8 kila moja ni shilingi 60,000 kabla ya usafiri, na bado atahitaji daftari la ofisini na penseli. Kwake haina faida, kwa sababu hatua chache kutoka mizanini pana kibanda.

Kwa mtafiti wa msitu wa Amani, ambako kunanyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, hesabu inageuka. Hukaa kwa muda wa saa nane mbali na paa, anaandika mistari michache tu kwa siku, na ndege aliyemwona asubuhi hatarudi ili aandikwe upya. Huyo na aagize la Tacoma, akichangia mzigo mmoja na wenzake, na alitumie kwa penseli ya HB. Mpima ardhi na mwongoza watalii wa Kilimanjaro nao nawaweka upande huo. Afisa ugani na msimamizi wa ujenzi wabaki na ubao na mfuko angavu. Bwana diko avae bomba lake.

Na kwa wenye mashamba na wasimamizi wa miradi: hizo shilingi 14,500 msimwachie karani azitoe kwenye mshahara wake. Mnunulieni kabla ya Machi kwisha, na kila penseli iwe na ya akiba.